Mvua ya Mlimani Haipigi Hodi

Wasikilizaji, aliye jikoni asiache chungu kikaungua, atatusikia humohumo. Aliye barazani na asogeze kiti. Nanyi mnaotusikiliza kwa simu huko Muscat, Nizwa na Rustaq, jioni ya leo ni yenu hasa, maana nataka tuzungumze juu ya milima iliyo nyuma ya nyumba zenu.

Wengi wetu hapa Unguja tuna ndugu Oman. Tangu Sayyid Said, mtawala wa Oman, ahamishie makao yake Unguja, jamaa zetu wamekuwa wakienda na kurudi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwezi wa Julai 1970, wengi walihamia kule moja kwa moja, na Kiswahili chao wakaenda nacho. Basi kijana wa huku akienda likizo kwa ami yake Muscat, akishaoga, akishakula, akishaulizwa habari za kila mtu aliyemwacha nyumbani, swali linalofuata ni hili: "Lini tutakwenda mlimani?"

Mimi niliulizwa swali hilo, na nikaenda. Siku tatu, usiku mbili za kulala kwenye hema, magari mawili, watu watano. Leo nataka nikusimulieni zaidi namna safari ile ilivyopangwa kuliko namna ilivyokwenda, kwa sababu tangu siku hizo nimeamini kwamba safari ya makorongo ya jangwani huamuliwa sebuleni, kabla mtu hajawasha gari. Nitalirudia neno hili mara kwa mara, mnivumilie: huamuliwa sebuleni.

Kwanza tupaone mahali penyewe. Milima ya Hajar imelala kaskazini mwa Oman, bahari upande mmoja na jangwa upande wa pili. Kilele chake kirefu kinaitwa Jabal Shams, Mlima wa Jua, karibu mita 3,000. Nusu ya Kilimanjaro, na zaidi kidogo. Ndani ya milima hiyo maji yamechonga makorongo kwa umri usiohesabika. Wenyeji wanaliita korongo wadi, na mgeni wa Kiswahili asiichanganye na wadi ya hospitali. Pale Wadi Ghul, chini ya Jabal Shams, ukisimama ukingoni unaona ardhi imekatika mbele ya vidole vya miguu yako, na chini kule ni karibu kilomita nzima. Chukua mwendo wa kutoka Forodhani mpaka sokoni Darajani, kisha usimamishe wima. Ndivyo kulivyo.

Watu hufanya nini huko? Wapo wanaotembea kwa miguu. Iko njia maarufu inayoanzia kijiji cha Al Khitaym, imechongwa ubavuni mwa jabali, na kwa jinsi ilivyoning'inia juu ya korongo wageni wameipa jina la njia ya roshani. Wapo wanaokwenda kwa gari: unatoka Al Hamra, unapanda mpaka mgongoni mwa mlima, kisha unashuka upande wa pili kupitia Hatt na Bilad Sayt, unaingia Wadi Bani Awf na kutokea upande wa Rustaq. Sisi tulitaka vyote viwili. Usiku wa kwanza Jabal Shams, usiku wa pili karibu na Bilad Sayt, na asubuhi ya mwisho tuingie kwa miguu kwenye korongo jembamba wanaloliita la Nyoka, kwa jinsi linavyojikunja.

Sasa niwaulize. Jangwani, mtu anauawa na nini? Wengi mtanijibu: jua, kiu, nge, nyoka. Jawabu la ami yangu lilikuwa maji. Akasema, katika makorongo haya maji yanaua kwa njia mbili, mtu hufa kiu na mtu hufa maji, na kila kitu tutakachokifunga garini na kila saa tutakayoipanga ni kwa ajili ya vifo hivyo viwili. Nimelipenda jawabu hilo, na mazungumzo yetu ya leo nimeyajenga juu yake. Kufa kiu, na kufa maji.

Tuanze na kiu.

Usiku wa kuamkia safari, ami alituita sebuleni, akakunja zulia, akatandika magazeti. Akauliza: watu wangapi? Watano. Siku ngapi? Tatu. Mtu anayetembea mchana katika nchi kavu anahitaji si chini ya lita nne kwa siku. Piga hesabu: lita 60. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akaongeza siku ya nne, siku isiyokuwamo kwenye ratiba. Gari likiharibika je? Mtu akiteguka mguu je? Lita 80 basi, madumu manne ya lita 20. Maji ya siku ya nne hayaguswi. Hata mkiwa na hamu ya kuoga, hata mkiona mko karibu na nyumbani, hayaguswi mpaka mfike kwenye lami.

Akayajaza yale madumu, akayafunga, akayalaza ubavu juu ya magazeti, akatuambia tukalale. Nikamwuliza, "Ami, mbona unayalaza?" Akasema, "Kesho yatatupwatupwa kwenye mawe saa sita nzima. Bora yaniambie aibu yao hapa." Alfajiri tukakuta gazeti moja lina doa kubwa kama sahani. Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka ufa mdogo, huuoni mpaka uukunje kwa kidole. Ufa ule ungetunyang'anya robo ya maji yetu kabla ya jua kuchwa. Ndiyo maana nasema huamuliwa sebuleni.

Na kwa nini madumu manne, asichukue pipa moja? Kwa sababu hiyohiyo. Chombo kimoja kikipasuka umekwisha; vinne, umepoteza kimoja. Na vigawe kwenye magari yote mawili.

Kiu ya jangwani ina hila, wasikilizaji. Sisi watu wa pwani tumezoea kulowa jasho. Shati likikugandia mgongoni unajua umepoteza maji. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajiona mkavu, unadhani u salama. Kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa kidogo kidogo, mara nyingi, na utazame mkojo wako: ukiwa wa manjano hafifu, sawa, ukianza kuwa kama chai ya rangi, kaa kivulini unywe. Na maji peke yake hayatoshi, chumvi nayo inatoka. Chukua pakiti za dawa ya chumvichumvi zilezile mnazowapa watoto wakiharisha. Hazina uzito, na zimeokoa watu wengi.

Majira je? Ni Oktoba mpaka Machi. Kiangazi usijaribu makorongo ya chini. Mwezi wa Juni 2018, mji wa Quriyat, pwani ya Oman, ulipitisha mchana na usiku mzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42. Hata usiku wa manane! Mwili hauna saa ya kupumzika katika joto la namna hiyo. Lakini angalia tena upande wa pili: Januari juu ya Jabal Shams, usiku baridi inakaribia kugandisha maji. Mimi nilikwenda na shuka moja, nikidhani jangwa ni joto. Ami akaitazama ile shuka, akaingia chumbani, akatoka na blanketi mbili na koti la mwanawe. Sikubishana, na usiku ule nilimwombea dua.

Kidogo juu ya gari, maana najua wapo madereva wanasikiliza. Liwe refu kutoka chini na livute miguu yote minne. Matairi ya spea mawili kwa kila gari, maana mawe ya huko yana makali na hukata tairi ubavuni, mahali pasipozibika. Jeki, na ubao mnene wa kuwekea jeki isizame. Kamba ya kuvutia. Pampu ya upepo. Mafuta jaza Al Hamra, usiseme utajaza mbele. Na magari yawe mawili, kwa sababu gari moja likikwama hakuna wa kulivuta. Kuhusu mteremko, madereva wetu wa Lushoto na wa Kitonga wanaijua kanuni: gia uliyopandia mlima ndiyo ushukie. Jirani wa ami, aliyeendesha gari la pili, alisahau. Tulipokuwa tunateremka kwenda Hatt, njia ya changarawe, mlima mkono huu na hewa tupu mkono ule, tukasikia harufu ya kitu kinaungua. Breki zake. Tukasimama nusu saa nzima zipoe, tukala tende, kisha akashuka kwa gia ya kwanza taratibu kama bibi harusi.

Basi hiyo ndiyo kiu na vinavyoandamana nayo. Sasa tuje kwenye kufa maji, na hapa nawaomba mnisikilize zaidi.

Inakuwaje nchi isiyo na mvua ikaua watu kwa mafuriko? Mnaijua milizamu ya Mji Mkongwe, ile inayotoka ukingoni mwa paa na kumwaga maji kichochoroni? Mvua inanyesha juu ya paa zima, lakini maji yote yanatokea kwenye tundu moja. Mwenye kupita chini ya mlizamu hupata maji ya nyumba nzima. Sasa ifikirie Hajar. Mlima ni mwamba mtupu, hauna msitu wala udongo wa kuyanywa maji. Mlima wote ni paa. Na korongo ni mlizamu. Wewe uliyeingia kwenye korongo jembamba umesimama chini ya mlizamu wa mlima mzima.

Na jambo linalowadanganya wageni ni hili: mvua hainyeshi ulipo wewe. Nalirudia. Mvua hainyeshi ulipo wewe. Inanyesha kilomita nyingi juu, kwenye vilele usivyoviona kwa sababu umezungukwa na kuta. Juu ya kichwa chako mbingu ni buluu, ndege wanalia, mchanga ni mkavu. Kisha unasikia mngurumo kama lori linakuja, na huko hakuna barabara ya malori. Mvua ya mlimani haipigi hodi.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 14 Aprili 2024, mvua kubwa ilinyesha Oman, na huko Samad Al Shan mafuriko yalisomba gari lililokuwa na watoto wa shule. Wengi wao walikufa. Nchi nzima ililia. Hawakuwa watalii, hawakuwa wageni, walikuwa watoto wa palepale wanatoka shule. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao.

Basi mtu ajilinde vipi? Kwanza, tazama utabiri wa hali ya hewa wa milima yote inayomwaga maji kwenye korongo lako, usitazame wa kijiji utakacholala tu. Siku mbili kabla, siku moja kabla, na asubuhi yenyewe. Pili, hema usipige ndani ya wadi. Najua, pale ndipo penye mchanga laini, na kando kuna kivuli cha mgunga. Lakini inua macho utazame matawi ya ule mgunga. Ukiona majani makavu, vijiti, kipande cha nailoni kimenasa juu kuliko kichwa chako, jiulize nani alikiweka pale. Ni maji. Yalifika mpaka pale, na yatafika tena. Panda juu ya alama hiyo ndipo upige hema, hata kama utalala kwenye changarawe.

Tatu, ukilikuta wadi linatiririka limekata barabara, simama. Zima gari. Subiri. Kando ya barabara nyingi za Oman utaona nguzo za kuonyesha kina cha maji. Wamezisimika kwa sababu. Maji yanayokwenda kasi, yakifika magotini tu, yanaweza kulinyanyua gari dogo. Yakifika mapajani hata lile gari lako kubwa linaelea, na gari likishaelea halina dereva. Sheria ya Oman inamwadhibu anayevuka wadi lililojaa, na mimi naona ni sheria ya huruma. Wadi hujaa haraka na hupungua haraka. Saa tatu, saa sita za kungoja, una maji, una tende, una mkeka. Unakimbilia wapi?

Nne, na hili ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Tulipomaliza kufunga mizigo, ami alichukua karatasi. Akaandika majina yetu matano. Akaandika namba za magari yote mawili na rangi zake. Akaandika njia, kituo kwa kituo, na mahali tutakapolala kila usiku. Kisha akaandika saa: Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, tutakuwa kwenye lami na tutapiga simu. Ikifika saa mbili usiku hatujapiga, mkewe apige 9999, namba ya dharura ya Oman, awasomee karatasi hiyo kama ilivyo. Kwa sababu ndani ya makorongo simu haishiki, wasikilizaji. Simu yako iwe ya bei gani, ukutani mwa mwamba haishiki. Kitakachokuokoa ni mtu aliye nyumbani, mwenye karatasi, anayejua aanze kukutafuta wapi na kuanzia saa ngapi.

Chini kabisa ya karatasi akaandika sentensi moja: "Akisema mmoja turudi, tunarudi wote, bila kuulizana." Akatia sahihi, akampa jirani kalamu, kisha wanawe wawili, kisha mimi. Mdogo alikuwa na miaka kumi na nne. Naye alitia sahihi, kwa mwandiko wa shule, ulimi nje kidogo pembeni mwa mdomo. Mke wa ami akaibandika karatasi kwenye mlango wa friji kwa sumaku.

Niliona ni jambo la kuwapendezesha watoto. Nilikosea.

Tukaenda. Usiku wa Jabal Shams mbuzi walituvamia. Mbuzi wa kule wamezoea wageni, mmoja aliingiza kichwa hemani na kutoka na mkate mzima. Chakula fungieni garini. Kuni hatukukata. Miti ya kule juu ni jamii ya mitarakwa, ndugu wa ile ya milima yetu, imepinda, imezeeka, inakua taratibu mno. Mti uliomchukua Mungu karne nyingi kuupandisha, mtu auchome kwa birika moja la chai? Tulikuwa na jiko la mtungi wa gesi, likatosha.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, tukaishika njia ya roshani. Alama zimepakwa kwenye mawe kwa rangi, kwa hiyo hupotei ukiwa makini. Upande wa kushoto mwamba, upande wa kulia hakuna kitu. Ukitaka kutazama korongo, simama. Ukitaka kutembea, tazama miguu. Usifanye yote mawili kwa pamoja. Baada ya karibu saa mbili tukafika As Sab, kijiji kilichohamwa. Nyumba za mawe zimejibana chini ya mwamba uliotokeza kama upenu. Mbele yake vibaraza vya mashamba, kimoja chini ya kingine, vimejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Ndani ya nyumba moja niliona jiwe la kusagia na masizi ya jiko bado yako kwenye dari ya mwamba. Nikaweka kiganja pale. Mama wa mtu alipika hapa, na maji yake aliyabeba kwa mkono. Watu hawa waliishi kwenye kibaraza cha mwamba juu ya korongo, na hawakuishi chini penye mchanga. Walijua.

Bilad Sayt tulifika alasiri. Kijiji kizuri mno, nyumba za rangi ya udongo juu ya mitende na mashamba ya kijani. Maji yake yanakuja kwa falaj, mfereji wa kuongoza maji ya chemchemi kwenda mashambani kwa zamu, kila mwenye shamba na saa yake. Utaalamu huo ni wa zamani sana, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza mifereji mitano ya Oman kwenye urithi wa dunia, mmoja wao Falaj Daris wa Nizwa. Adabu yake ni kama adabu ya kisima kwetu: usiogee, usifulie, usitumbukize miguu mahali ambapo watu wa chini wanateka. Vaa nguo za stara, toa salamu kwanza, na usipige picha mabanati wala kina mama. Magari tuliyaacha nje ya kijiji, maana vichochoro ni vya watu na punda.

Pale kwenye falaj tulimkuta mzee anageuza maji kwa jembe dogo. Ami akamsalimu, wakaulizana habari kwa kirefu, kama desturi. Ami akamwambia kesho tunataka kuingia kwenye korongo la Nyoka. Mzee hakusema nendeni, hakusema msiende. Aliinua kidevu kuelekea mlimani, akasema mawingu yamekaa pale tangu adhuhuri na hayajaondoka. Akarudi kwenye maji yake.

Usiku ulipita bila tone. Asubuhi mbingu yetu ilikuwa safi. Tukafika kwenye mlango wa korongo, kuta mbili zimekaribiana hadi mtu anaweza kunyoosha mikono na kuzigusa zote, na ndani kuna giza la kijani na sauti ya maji yanayotona. Nitasema kweli: nilitamani kuingia kuliko nilivyotamani jambo lolote safarini. Nilikuwa nimeshavaa raba za kulowa. Jirani alikuwa ameshafunga kamba begani. Utabiri wa asubuhi ulikuwa haujatufikia, simu haishiki. Juu kule, kwenye kilele alichokionyesha mzee, kulikuwa na wingu moja, jeupe juu, la kijivu chini.

Yule mdogo, wa miaka kumi na nne, akasema polepole, "Baba, turudi."

Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ami alikaa juu ya jiwe, akaanza kufungua kamba za viatu. Jirani akavua kamba begani. Kaka wa yule mdogo akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Mimi nilitazama ule mlango wa mwamba mara moja zaidi, nikageuka.

Na sasa mnataka kujua: mafuriko yalikuja? Hayakuja. Tulikaa kwenye kilima mpaka saa sita mchana, tukachemsha chai, tukalitazama lile wingu linatawanyika kidogo kidogo mpaka likaisha. Korongo lilikaa kimya siku nzima. Tungeingia, tungetoka salama, na leo ningekuwa na picha nzuri.

Nimelifikiria jambo hilo sana tangu wakati huo. Mtu anaweza kusema kijana alitukosesha. Mimi nasema alikuwa sahihi asubuhi ile, na bado yu sahihi. Tulijua nini pale mlangoni? Tulijua mzee wa kijiji ameonyesha mawingu. Tulijua wingu lingalipo. Tulijua hatuna utabiri. Kwa tuliyoyajua, jawabu lilikuwa moja. Tungeingia tukatoka salama, tungejifundisha kwamba wingu si kitu, na mwaka unaofuata tungeingia tena. Huenda wengi waliosombwa na wadi walikuwa wameshavuka maji ya namna hiyo mara nyingi kabla.

Na jambo la pili: kijana wa miaka kumi na nne, mbele ya baba yake, mbele ya jirani, mbele ya mgeni aliyetoka mbali, angepata wapi uthubutu wa kusema turudi? Kwetu mtoto hawaambii wakubwa warudi. Alikuwa na ile sentensi. Sahihi yake ilikuwa kwenye mlango wa friji, sawa na ya baba yake. Kwa hiyo mkipanga safari yenu, ya Oman au ya kwingine, msifunge tu madumu na mahema. Kaeni sebuleni mkubaliane kabla, wakati hamjachoka na hamjatamani, kwamba neno la mmoja linatosha. Pale mlangoni mwa korongo, raba zikiwa miguuni, mashauriano yameshachelewa.

Tulishika lami saa kumi na nusu. Ami akasimamisha gari, akapiga simu: tumetoka, sote wazima. Usiku, Muscat, watoto wameshalala, nilimwona anabandua ile karatasi. Akaandika pembeni, "Tumerudi Jumamosi saa kumi na nusu. Hatukuingia." Akafungua droo ya kabati la vyombo, na mle ndani mlikuwa na rundo la karatasi za namna ile, nyingine zimeshageuka rangi ya majani makavu. Akailaza juu yake, akafunga droo, akaenda kutawadha.